Mbwa akipotea, mtaa wote unahusika

Najua nimekuwa kimya sana. Si mnajua tena, test zimefuatana kama mabehewa na bumu lenyewe linakuja kwa mwendo wa kinyonga. Leo nimerudi na jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka. Chekeni tu, ila mkimaliza msome mpaka mwisho. Nataka kuongea juu ya mbwa.

Wiki mbili zilizopita niliweka tangazo la mbwa aliyepotea kwenye kundi letu la kozi. Basi, siku hiyo ikawa ya vichekesho. Mmoja akaandika, "Watu wanatafuta ajira, nyie mnatafuta mbwa." Mwingine, "Ni mbwa tu bwana, kachukueni mwingine." Mwingine tena akauliza kama Bodi ya Mikopo sasa inatoa na hela ya kufuga. Nilijaribu kumjibu mmoja mmoja nikachoka, ndiyo maana nimeamua nikae chini niandike vizuri.

Msimamo wangu ni huu. Mbwa akipotea, kumtafuta ni kazi ya mtaa mzima, wala asiachiwe mwenye mbwa peke yake. Na sisi wanafunzi tuliopanga vyumba mitaani ni sehemu ya huo mtaa, tupende tusipende. Sababu ninazo, na sizungumzi kwa kusoma tu. Nimeyaona.

Kwanza niwaeleze mbwa mwenyewe. Mimi nimepanga Kihonda, hapa hapa Morogoro, kwa mama mmoja mjane anayeuza chai na maandazi. Wapangaji tuko wanne, wote wanachuo. Mbwa wa Mama anaitwa Hayakuhusu. Naam, umesoma vizuri, Hayakuhusu. Waliokulia uswahilini wanaujua mtindo huu wa kumpa mbwa jina la fumbo. Unamwita mbwa, ujumbe unafika kwa jirani. Utasikia mbwa wa huyu anaitwa Watasema, wa yule Mtachoka, wa kule Tutaonana. Huyu wa kwetu alipewa jina lake miaka kama sita iliyopita, Mama alipogombana na jirani wa upande wa kulia kuhusu mpaka wa kiwanja. Watoto wa mtaa hawana habari na mambo ya mipaka, wao wanamwita Haya. Ni mbwa wa kienyeji wa kawaida kabisa, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala, mkia umejikunja kama mpini wa kikombe.

Sasa wewe unayesema "ni mbwa tu", nisikilize. Mama anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Saa kumi na moja kasoro anatoka na beseni kichwani kwenda kwenye meza yake barabarani, maana wateja wake wa kwanza ni mafundi, madereva na walinzi wanaotoka zamu. Wakati huo bado ni giza na taa za barabarani ni za kuhesabu. Anayemsindikiza ni Haya. Anatangulia hatua kumi, ananusa, anageuka kumwangalia, anaendelea. Hiyo ndiyo kazi yake kila siku. Zile siku tatu alizopotea, Mama alisubiri kupambazuke ndipo atoke. Akifika anakuta mafundi wameshakunywa chai kwa mwingine. Maandazi yalirudi nyumbani nusu beseni, sisi wapangaji tukayala asubuhi, mchana na usiku. Kwa hiyo huyo mnayemwita "mbwa tu" ni mlinzi, ni taa, na ni sehemu ya mtaji wa mwanamke anayesomesha watoto wawili kwa unga wa ngano.

Tena sisi wa Moro ndio tusiotakiwa kabisa kusema "mnyama tu". Ni mji huu huu, pale SUA, shirika la APOPO linapowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kuna panya mmoja aliyefundishwa hapa anaitwa Magawa. Alipelekwa Kambodia kutegua... samahani, kunusa mabomu (wa kutegua ni binadamu), na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na PDSA ya Uingereza. Alikufa Januari 2022 na magazeti ya dunia nzima yakaandika. Panya! Sasa mji uliotoa panya mwenye medali unashindwaje kumheshimu mbwa anayemsindikiza mama muuza maandazi?

Tuje kwenye kupotea kwenyewe. Ilikuwa usiku wa Alhamisi, ile mvua ya masika yenye radi. Mnaojua mbwa mnajua wengi wao hawaiwezi radi kabisa. Haya alipenya chini ya uzio wa mabati, maji yalikuwa yamechimba pale. Asubuhi sahani yake ya chakula iko vile vile. Tukaingia mtaani, Mama, wanawe na sisi wapangaji, kila mtu na upande wake.

Hebu fikiria unapita mbele ya nyumba za watu saa moja asubuhi unaita kwa sauti, "Hayakuhusu! Hayakuhusu!" Mama mmoja alitoka jikoni na mwiko mkononi akanisimamisha, "We kijana, kwani mimi nimekuuliza nini?" Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Halafu akasema jambo la maana kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Alisema, "Mwanangu, nyie mnamtafuta mbwa. Tafuteni watu waliomwona."

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mbwa aliyeogopa hakai mahali pamoja akusubiri. Anajificha mchana, anatembea usiku na alfajiri, na mara nyingine hata sauti ya mwenyewe anaikimbia kwa ile hofu. Miguu kumi na minne ya watu wa nyumba moja haitoshi. Kinachotosha ni macho. Na macho ya mtaa yako kwa watu ambao sisi wasomi huwa hatuwaulizi kitu.

Wa kwanza ni watoto. Kila siku kwenye vipindi vya mbinu za kufundishia tunakaririshwa kwamba mtoto haji darasani akiwa debe tupu, anakuja na mambo anayoyajua. Tunaandika kwenye mtihani, tunapata A, tunasahau. Mimi niliyaona kwa macho. Binti mmoja wa darasa la tatu alichukua kijiti akatuchorea mtaa mzima kwenye vumbi. Hapa bucha, mbwa wanakaa nyuma yake jioni. Hapa jalala. Hapa ukumbi wa harusi, Jumamosi kuna mifupa. Hapa kuna jike ambalo madume yote wanalifuata siku hizi. Anawajua mbwa wa mtaa kwa majina, na anajua yupi anauma na yupi anabweka tu. Google haina ramani hiyo. Watu wazima niliowauliza pale walisema tu, "Mbwa wako wengi hapa."

Wa pili ni bodaboda. Kijiwe kimoja kina vijana kumi na tano, kila mmoja anapita mitaa ishirini kwa siku. Ukiwapa picha nzuri na namba ya simu, umepata doria. Wale wa stesheni ya SGR wanaosubiri abiria wa treni ya usiku wanaona hata visivyoonwa na mtu. Wa tatu ni walinzi wa usiku. Wa nne ni wauza maziwa wa baiskeli na waokota chupa, maana hao wanaamka kabla ya wote na wanaingia vichochoro ambavyo wewe hujui kama vipo.

Wa tano nitamweleza kwa kirefu kidogo. Mtaani kwetu kuna mzee mmoja anaswali alfajiri msikitini kila siku ya Mungu. Baadhi ya wenzetu walisema tusimsumbue, kwani Waislamu na mbwa wapi na wapi. Mimi nikaenda. Nikamwamkia, nikamweleza shida. Akaniambia kwamba yeye hamgusi mbwa, kwa sababu mate ya mbwa yakimgusa itabidi aoshe mara saba na moja iwe kwa udongo, na mzee kama yeye hana muda huo kabla ya swala. Halafu akaniambia, "Lakini kiu ni kiu." Akanisimulia ile hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kisha akasema kwamba alfajiri ya Jumamosi alimwona mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala akivuka barabara ya Dodoma, na kwamba alimwekea maji kwenye kopo, akamwachia, akaenda zake kuswali. Taarifa hiyo moja ilituhamishia utafutaji upande wa pili wa barabara, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kwenda.

Mnaona? Mtu si lazima ampende mbwa ndipo amsaidie jirani. Wala hatukumwomba mzee abadilishe dini yake au tabia yake. Tulimwomba macho yake tu, na alikuwa tayari nayo. Sisi ndio tuliotaka kumnyima nafasi kwa kudhani.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike haya yote. Jumapili jioni, kama kilometa nne kutoka nyumbani, Haya alikuwa amejificha kwenye pagale. Siku tatu hajala, amechoka, amelowa, mate yanamtoka mdomoni na anatetemeka. Mtu mmoja akamwona akapiga kelele, "Mbwa kichaa!" Ndani ya dakika tano kuna watu ishirini wenye fimbo, matofali na panga. Mnajua mambo haya yanavyoishaga.

Kilichomwokoa ni kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amesimama kujaza upepo. Alichungulia, akatoa simu, akaangalia picha, akapaza sauti, "Subirini! Huyo ana mwenyewe, wamemtangaza tangu juzi." Akawaambia wasimsogelee, wasimame mbali, waache njia wazi. Kisha akapiga simu. Jirani yule yule wa kulia, wa ugomvi wa mpaka, ndiye aliyemwambia mwanawe, "Washa pikipiki umpeleke mama yako mdogo haraka." Mama akafika na maandazi mawili kwenye karatasi na kadi ya chanjo kifuani. Akawaonyesha watu kadi. Mbwa amechanjwa, tarehe hii hapa, muhuri wa mtaalamu wa mifugo huu hapa. Halafu akakaa chini kabisa kwenye mchanga mbali kidogo na pagale, akatandika khanga yake pembeni, hakumkimbilia, hakumpigia kelele. Akawa anaita taratibu tu, "Haya... Haya mwanangu..." Ilichukua kama robo saa. Mbwa akatoka anatambaa kwa tumbo.

Watu wenye fimbo waliteremsha fimbo. Mmoja akanunua maandazi.

Nawaomba sana msiwaone wale watu kuwa wakatili. Mimi ningekuwa na mtoto pale na sijui lolote, ningeshika tofali pia. Kichaa cha mbwa si mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wanaupata kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Yaani ni haki yao kuogopa. Walichokosa pale ni taarifa. Mbwa asiyejulikana ni kichaa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mbwa anayejulikana ni mbwa wa mama fulani, ana jina, ana kadi. Kati ya hali hizo mbili, katikati yake kuna tangazo tu lililomfikia mtu mmoja mwenye akili timamu kwa wakati. Hilo tangazo ndilo mlilokuwa mnalicheka kwenye kundi.

(Na hapa niweke ualimu wangu kidogo. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Usipake tumbaku, usipake mafuta ya taa, usisubiri uone kama itavimba. Mfundishe na mdogo wako.)

Najua mna hoja zenu. Nizijibu.

Kuna anayesema, "Watu wanapotea hatuwatafuti, mnatafuta mbwa." Ndugu yangu, watu watakaomtafuta mtoto akipotea ni hao hao. Mjumbe wa shina yule yule, kijiwe kile kile, mlinzi yule yule, mzee yule yule wa alfajiri. Hivi unafikiri siku mtoto akipotea, Mungu aepushe, ndiyo siku ya kuanza kuomba namba ya simu ya mwenyekiti wa mtaa? Sisi sasa tunazo namba zote hizo kwenye daftari, na wao wanazo za kwetu. Mbwa ametufanyia mazoezi.

Kuna anayesema, "Mngetangaza dau kubwa mngempata siku ya kwanza." Mimi napinga, na nina ushahidi. Ijumaa mmoja wa wapangaji wenzangu aliweka kwenye tangazo shilingi 50,000. Kufika jioni tulikuwa tumeletewa mbwa watatu wa kahawia, mmoja wao amefungwa kamba na mwenyewe anamfuata nyuma akilia. Vijana wakaanza kuwafukuza mbwa wote mtaani, na mbwa mwenye hofu ukimfukuza anazidi kwenda mbali. Halafu zikaanza simu. "Nimempata mbwa wako, tuma kwanza ya kutolea." Ni ndugu yake yule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"! Bahati nzuri kuna alama moja hatukuiandika kwenye tangazo, doa jeupe kwenye mguu wa nyuma. Kila aliyepiga tukamuuliza mguu wa nyuma ukoje, simu ikakatika. Jumamosi tukaondoa ile hela. Mnaona wenyewe kwamba waliotusaidia kweli, yaani binti wa darasa la tatu, mzee na bodaboda, hakuna aliyeuliza bei. Baadaye Mama aliwapelekea maandazi na shukrani, na bodaboda alijaziwa mafuta. Shukrani ni nzuri ikija baada. Ikitangulia inaita matapeli.

Kuna anayesema, "Mbwa wenyewe ni kero, wanazurura, wanauma watoto, wanabweka usiku tukiwa tunapiga msuli." Hapo nakubaliana nawe kwa kiasi. Mtaa una wajibu wa kumtafuta mbwa wako ikiwa na wewe umetimiza wajibu wako kwa mtaa. Mchanje. Wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa katika eneo, kichaa cha mbwa kinakosa njia ya kuenea, kwa hiyo chanjo ya mbwa wako ni ulinzi wa mtoto wa jirani. Mpe chakula nyumbani asiende kutafuta jalalani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008 na inamtaka mfugaji amtunze mnyama wake. Sisi wa Morogoro hata kisingizio hatuna, madaktari wa mifugo wanafundishwa hapa hapa mjini.

Na usisahau kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uingereza tangu mwaka 2016 mbwa lazima awekewe chipu chini ya ngozi yenye namba ya kumtambulisha. Sisi chipu hatuna, lakini mkanda wa shingoni ulioandikwa namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito unagharimu kiasi gani? Picha mbili za wazi, moja ya uso na moja ya ubavu? Mama alikuwa na kadi ya chanjo kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya picha ya marehemu mumewe, na mliona kadi ile ilivyofanya kazi mbele ya watu ishirini.

Nirudi kwetu sisi wanachuo, maana hapa ndipo panaponiuma. Tunakaa mtaani miaka mitatu. Tunaujua mtaa kwa duka la vocha, kibanda cha chipsi na kona yenye mtandao mzuri. Jirani tunamwita "yule mama wa pale". Tukimaliza tunabeba godoro, tunaondoka. Halafu ndio hao hao tunaokwenda kuwa walimu wa watoto wa mitaa hiyo! Mwalimu Nyerere mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea akilalamikia elimu inayomtenga msomi na jamii yake. Tunaisoma, tunaijibia maswali, tunarudi geto tunafunga mlango. Mimi kwa siku tatu za kumtafuta mbwa nimeingia nyumba nyingi za Kihonda kuliko mwaka mzima uliopita. Nimejua nani anaumwa, nani ana mtoto haendi shule, nani alikuwa fundi wa reli enzi hizo. Hakuna lekcha iliyonipa hayo.

Mkitaka kujua, mpaka wa kiwanja bado haujapimwa upya na ugomvi uko pale pale. Wala sitawadanganya kwamba mbwa amewapatanisha. Ila salamu zimerudi. Asubuhi nasikia "umeamkaje jirani" kutoka upande wa kulia, na Mama anajibu. Kwa mtaa wenye mbwa anayeitwa Hayakuhusu, hiyo ni hatua.

Sasa kwenu mliopanga Kihonda, Mazimbu, Kola, Mafiga na kwingineko. Wiki hii fanyeni mambo matatu tu. Jueni jina la mjumbe wenu na mchukue namba yake. Mwulizeni mwenye nyumba wenu kama mbwa wake amechanjwa, na kama bado, msaidieni kumpeleka, maana mna nguvu na muda zaidi yake (msinibishie, muda wa kubeti mnao). Na mkiona tangazo la mbwa aliyepotea, liangalieni vizuri ile picha kabla ya kuandika kichekesho. Inawezekana ni wewe utakayesimama mahali kujaza upepo, ukamwona.

Mimi naendelea na msuli, kuna UE inakuja na sitaki kusikia habari ya sapu. Alamsiki.